Jina la Dada Kwenye Kamusi ya Bwana Thirkettle

Bwana Obadiah Thirkettle wa Marlsby alikuwa mtaalamu wa maneno, na mji mzima ulikoma. Ukimwambia mvua inakuja, hatazami mawingu; anakuuliza neno hilo umelitoa kitabu gani. Mwanamke mmoja tu aliwahi kukubali kuolewa naye, binti wa muuza nafaka, akamwandikia barua ya mapenzi. Bwana alimjibu kwamba amefurahi sana, ila neno la mstari wa tatu yeye hajaliona kwa mwandishi yeyote kabla ya mwaka 1790, je, ana ushahidi? Binti akaolewa na mchinja nguruwe, na sijasikia kwamba anajuta.

Bwana alizaliwa kwa fundi viatu. Alifundisha shule miaka sita, watoto wakamshinda. Akajaribu uchungaji, na huko nako hawakumtaka. Ndipo akatangaza kwamba atatunga kamusi ya maneno yote ya Kiingereza yaliyosahauliwa na watu. Mimi niliona kama watu wameyasahau basi hawayahitaji, lakini nani aliniuliza? Kila neno lilitafutwa katika vitabu vya zamani, na sentensi yake ikanakiliwa kwenye kipande cha karatasi. Miaka ishirini na mitatu vipande vile viliongezeka. Vilijaa sebuleni, vikapanda ngazi, vikaingia kabati la vyombo, mpaka dada yake akabaki kupika kwa sufuria mbili.

Huyo dada, Bi Dorcas, ndiye aliyesoma vitabu, akanakili, akapanga vipande na kuandika maana. Bwana alikuwa na ndevu. Kazi alikuwa nayo dada. Nayajua haya kwa sababu mimi ni mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha mtaa wetu, na kila karatasi ya kamusi ile ilipita mikononi mwangu. Mwandiko ni mwandiko, hauvai suruali. Wa Bwana niliuona kwenye bahasha na ukurasa wa shukrani tu.

Malipo ya Bi Dorcas yalikuwa ahadi moja. Tangu siku ya kwanza Bwana alimwambia, "Dorcas, kitabu kikitoka, jina lako litakaa chini ya langu." Kwa ahadi hiyo alikataa wachumba wawili, mmoja wao mwenye duka. Hakutaka kingine. Alitaka jina lake liandikwe pale kazi yake ilipo, basi.

Juzuu ya kwanza, A mpaka L, ilipokaribia kutoka, nilipiga chapa prufu za mwisho, zile karatasi za kusahihishwa kabla hatujachapa kitabu chenyewe. Bwana hakuwahi kusoma prufu hata siku moja. Alisema macho yake si ya kutafuta koma. Aliyezifuata ni Bi Dorcas, kama kawaida, akakaa kwenye kigoda changu na kusoma ukurasa wa shukrani.

"Bwana Pell, kuna mtu hapa ameshukuriwa kwa kutuazima ngazi."

"Yumo, Bi."

"Na mimi niko wapi?"

Nilimwonyesha mstari wa chini kabisa: *na wa nyumbani kwangu, kwa utulivu wao.*

"Kumbe mimi ni utulivu," akasema.

"Umemkumbusha lakini?"

"Jana mezani. Ameniambia jina la mwanamke litawatia wasomi shaka. Kisha akaniomba chumvi."

Akachukua ukurasa wa jina la kitabu, akachovya kalamu, na chini ya *Obadiah Thirkettle* akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *na Dorcas Thirkettle.*

"Utapanga hivyo?"

"Bi, hapa kwetu kilichoandikwa kwa wino kwenye prufu kinapangwa. Hatubishani na wino."

"Hata kama nimekosea?"

"Kwani umekosea?"

"Hapana."

"Basi tusipige soga, mashine inangoja."

Kitabu kilipotoka, wakubwa wa mji walimfanyia Bwana karamu katika nyumba ya wageni ya Simba Mwekundu. Sisi wa kiwandani tuliwekwa karibu na mlango, lakini nyama ya kondoo ilitufikia ingali moto. Kasisi wetu akasimama na kamusi mkononi, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti yake ya Jumapili. Alipofika kwenye "na Dorcas Thirkettle" akasita, akasoma tena. Watu wakageuka kumtazama Bi Dorcas. Mke wa mganga alianza hata kupiga makofi.

Bwana akainuka, uso mwekundu kama bitiruti. "Kosa la mpanga herufi! Walevi wale!"

Bi Dorcas akaweka uma chini. "Kaka, hebu sema tena."

"Kosa la kiwanda, Dorcas. Kula chakula chako."

Nilikuwa nimeshasukuma kiti nisimame, Bi Dorcas akanitazama na kutikisa kichwa. Hakumaliza chakula. Alivaa kofia yake, akatoka akipita katikati ya meza zote.

Asubuhi Bwana alikuwa mlangoni kwetu. Aliagiza vikaratasi mia nne vya masahihisho, kimoja kwa kila nakala: *Katika ukurasa wa kwanza, liondolewe jina la Dorcas Thirkettle, lililoingia kwa makosa.*

"Bwana," nikamwambia, "sasa hivi jina liko mara moja. Ukibandika hiki litakuwa mara mbili."

"Nimekuuliza? Wewe panga!"

"Napanga, bwana. Napanga."

Nikachagua herufi nene.

Kubandika vitu nyumbani kwao ilikuwa kazi ya dada. Nilipopeleka vikaratasi nilimkuta Bi Dorcas ukumbini, sanduku limefungwa. Alikuwa amepata kazi ya ualimu katika shule ya wasichana huko York.

"Dorcas, gundi!" Bwana aliita kutoka sebuleni.

"Iko jikoni, kaka. Ni ya unga wa ngano, usiiache ikachacha."

Akaondoka. Bwana alibandika mwenyewe vyote mia nne, vingine vimepinda, kimoja na unywele wa ndevu ndani yake. Maneno ya M mpaka Z yangali kwenye ngazi, hajui hata yanaanzia wapi, na juzuu ya pili sasa ni mwaka wa tisa haijatoka. Watu wa Marlsby wakifungua kamusi ile hawatafuti neno, wanatafuta kikaratasi. Mgeni akiuliza Dorcas ni nani, hakuna asiye na la kumwambia, na tunamwambia yote.

Mwaka jana nilipata barua kutoka York. Bi Dorcas alikuwa anaagiza nakala moja kwa ajili ya wanafunzi wake. Alisisitiza nisiisafishe. Anataka yenye kikaratasi.