Kinamasi Kilichonyamaza

Harufu ya tope lililooza ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa msichana wa miaka kama minane, kwetu karibu na Nyaramba, na chini ya migomba yetu palikuwa na kinamasi cha mafunjo chenye vyura wasionyamaza. Msimu ule Baba alichimba mifereji miwili mirefu, akayaondoa maji yote hadi mtoni ili apande mahindi. Baada ya siku chache tu, vyura wakanyamaza. Hata adhuhuri, jua likiwaka, nilihisi kana kwamba kuna mtu amejificha bondeni amebana pumzi.

Mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano. Kiangazi kikaupasua ule udongo mweusi, na chemchemi tuliyoteka maji ikawa inadondoka tu. Asubuhi moja, nikiokota kuni na Mama, nilisikia kitu kikipumua chini ya nyayo zangu. Nilipiga yowe, nikidhani ni wafu. Mama akachimba polepole kwa jembe. Ndani ya ufa alilala kambare, ngozi imekakamaa, akifumbua na kufumba mdomo, macho yakitutazama. Ingawa hatukuwa na kitoweo, Mama hakumchukua. Alimfunika tena kwa tope bichi.

Baba alipotoka shambani, Mama alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Baba Kemunto, tuzibe ile mifereji."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Baba akajibu.

"Haya hayakumwagika. Tuliyafukuza."

Baba alikataa. Kesho yake Mama alianza peke yake kujaza mawe na udongo, nami nikimletea mizizi ya mafunjo kutoka ng'ambo ya mto. Siku ya tatu chemchemi ilikauka kabisa. Baba alikitazama kibuyu kitupu, akachukua jembe, akatufuata mferejini.

Mvua iliporudi, maji yalisimama. Mafunjo yakachipua, vyura wakaja mmoja mmoja, na baada ya misimu miwili chemchemi ikatiririka. Korongo waliokuwa wakitaga pale hawajarudi hata leo.

Sasa mimi ni nyanya, na majirani wamepanda mikaratusi, miti inayonyonya maji sana, hadi ukingoni mwa kinamasi. "Nyanya, kwani mafunjo yanaliwa?" huniuliza wakicheka. Huwasimulia kuhusu kiangazi kile. Wawili wamekwisha kuing'oa miti yao. Waliobaki wanasema watafikiria, na kila mwaka nateremka kupima kina cha maji kwa fimbo yangu.