Kidevu Juu ya Spika

Fundi wa ala za muziki haitikii salamu mpaka umsimamie usoni, na Bibi alishaamua kwamba yule ni mtu wa maringo. Lakini shida haina adabu. Wenzake wa kikundi cha muziki walikuwa wamemwambia, “Ukulele yako, kigitaa cha nyuzi nne, inamezwa na ngoma, mama. Jumamosi jukwaani wewe piga makofi tu.” Makofi, yeye aliyewafundisha kushika nyuzi! Basi alikaa nyuma ya fundi, akimtazama anavyochagua kinasa sauti cha kubandika kwenye ukulele ili isikike kwenye spika. Fundi alikigandisha kimoja kwenye mbao ya ukulele kwa nta, akakiunga na spika kwa waya, akapiga nyuzi zote nne, akaegemeza kidevu juu ya spika na kufumba macho. Kisha akagonga ngoma iliyokuwa pembeni, kidevu palepale. Akakibandua. Cha pili, vivyo hivyo. Vidole vyake vyenye magamba ya gundi havikuwa na haraka. Cha tatu alikaa nacho sana.

“Ndicho hicho?” Bibi aliuliza. Fundi aliendelea kupiga nyuzi. Akarudia, kisha hasira zikampanda, akaligonga debe la bati kwa mkongojo. Paka aliruka hadi dirishani. Fundi hata bega halikumtikisika. Kumbe mtaa mzima unamletea sauti zake mtu asiyesikia. Fundi alipogeuka alimkuta kinywa wazi, mkongojo ungali juu. “Umeshajua,” alisema, kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. “Ukiwaambia, hawaji tena. Chukua hiki cha tatu. Ngoma hakiisikii, kinasikia mbao tu.” Bibi, ambaye neno samahani halijawahi kumtoka, aliinama polepole, akaweka kidevu chake juu ya spika, akangoja fundi apige. Mlio ukamfika mpaka kwenye fizi.