Nilijinyoa mwenyewe siku moja kabla ya kwenda ukweni Misungwi, nikapokelewa kama mfiwa

Wakuu, nawasalimu wote: mlioajiriwa, mliojiajiri, na nyie mnaosoma huku bosi kawapa mgongo.

Nina kisa cha kichwa changu mwenyewe. Hii siyo chai. Anayebisha aje Kirumba, kichwa ninacho, nitamwinamia akikague.

Mimi nafungasha dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande inyoosheni wenyewe, twende.

Nina mchumba anaitwa Kabula, fundi cherehani wa Buzuruga, kwao Misungwi. Tumependana mpaka wateja wake wananiita shemeji.

Shida ilikuwa mzee wake. Alikuwa hajawahi kuniona. Halafu kuna jamaa mmoja mwenye ng'ombe wengi kuliko marafiki zangu wote wa mtandaoni, alikuwa ameshatuma watu wakamuulizie Kabula.

Mzee akasema haya, na huyo wa Mwanza aje Jumapili nimwone. Jumatatu alikuwa anavuka kwenda kwenye shamba lake Sengerema, na harudi hadi mavuno.

Mmeelewa hapo? Nikiikosa Jumapili, mavuno yatamkuta Kabula anakamua maziwa ya mtu.

Jumamosi nikatoka kwenda kunyoa. Kumbe uwanjani kuna mechi. Saluni yangu iko jirani kabisa na uwanja, imejaa mashabiki mpaka kiti cha kunyolea kakalia mtu asiyenyoa. Kinyozi mkono uko kwenye kichwa cha mteja, macho yako barabarani.

Sasa huyu ndugu hata siku za kawaida anarudisha mstari wa mbele nyuma kidogo kidogo. Akiwa na presha ya mechi si angenifikisha utosini?

Nikageuza. Jirani yangu pale ninapopanga ana mashine ya kunyolea, nikaiazima.

Kwanza nikatafuta video. Nikamkuta mzungu anajinyoa bafuni kwake, muda mfupi kamaliza, anatabasamu. Nikasahau kitu kimoja tu, kwamba nywele za yule zinalala zikiambiwa zilale. Zangu zinabishana.

Lakini wakuu, mbele nilitoa kitu. Pembeni nikashusha denge safi. Nikajipiga selfi, nikamtumia Kabula ambaye alishatangulia kwao tangu Ijumaa. Akajibu kwa vimoyo.

Hapo ndipo confidence ikaniharibu.

Kikabaki kisogo. Kioo kimoja ukutani, kingine mkononi. Sijui kama mmeshajaribu, ila ukiwa na vioo viwili mkono unaenda kulia, wewe unauona unaenda kushoto. Nilikitafuta kisogo changu kama dereva mgeni anayerudisha lori nyuma sokoni.

Katikati ya hiyo shughuli, kile kichanuo cha plastiki kinachozuia mashine isile hadi ngozi kikachomoka. Sikujua. Nikapandisha mkono kwa raha zangu kutoka shingoni hadi karibu na utosi.

Kuja kuangalia, kuna barabara.

Nikajaribu kupunguza nywele za pembeni yake ili isionekane. Ikawa uwanja wa ndege. Nikakaa kwenye ndoo, nikafikiri, nikachukua wembe, nikamaliza zote. Kipara cheupe, na vijeraha juu yake.

Kabula sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba nitavaa kofia.

Asubuhi akaja bamdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa anisindikize. Aliniangalia kichwani, akaniuliza kama usiku nililala na akili zangu. Nikavaa kofia, tukaondoka.

Sasa wakuu, mnijibu nyie. Unaingiaje ukweni na kofia kichwani?

Tulipofika mlangoni ikabidi niivue ili mzee apate shikamoo yake. Akaitika marahaba nusunusu, macho yako juu ya kichwa. Mama mkwe naye akatoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga, akaniona, akashika mdomo.

Kwa wale wasio wa kanda hii niwaeleze kidogo. Huku kwetu familia nyingi zikishazika mtu wa karibu, wafiwa wananyolewa vipara kwa wembe. Sasa kijana mzima ana kipara kinang'aa, tena kina vijeraha vibichi, hakuna haja ya kumuuliza kitu.

"Pole sana mwanangu," mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Na mimi badala ya kusema ukweli nikaona aibu. Nikajibu, asante mama.

Hapo nikawa nimejifunga goli mwenyewe.

Redio ikazimwa. Majirani waliokuwa wanacheka uani wakaambiwa wanyamaze. Nikaletewa uji wa moto nishike kwa mikono miwili. Kabula amesimama nyuma ya mama yake, anakitazama kichwa, ananitazama mimi, maana jana tu kaona picha ina nywele. Bamdogo yeye alikuwa anaangalia dari kama mtu asiyenifahamu.

Nilikunywa ule uji, wakuu. Mtamu.

Mzee akakohoa. Akasema amefurahi tumekuja pamoja na matatizo tuliyonayo, ni heshima kubwa.

"Ila kijana, mambo ya kuoa hayazungumzwi na mtu ambaye matanga bado. Nendeni mkamalize msiba. Nikitoka Sengerema tutaitana."

Bamdogo akaanza kunyanyuka. Anashukuru, anaaga! Nikamwona Kabula anainama chini. Nikawaona wale ng'ombe wa jamaa wanaingia getini mmoja mmoja, wanacheua.

Nikaweka kikombe chini.

"Mzee, samahani. Mimi sijafiwa."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mzee. Nilijinyoa mwenyewe, mashine ikanishinda."

Uani kuku mmoja akaanza kupiga kelele.

"Sasa pole ya mama yako uliipokea ya nini?" mzee akauliza.

"Niliona aibu. Nikaona bora mnionee huruma kuliko mnione mjinga."

Mzee akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akapitisha kidole kwenye kisogo taratibu, kama mtu anayekagua ukuta wa fundi aliyemkimbia. Akamwita mkewe naye aje aone.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kila akitaka kunyamaza akiniangalia anaanza upya. Kabula akakimbilia jikoni, tukamsikia anacheka huko na masufuria yanaanguka.

Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa anakisoma kile kisogo.

"Huyu akiachwa peke yake atajimaliza," akasema. "Kabula! Njoo. Kichwa hiki kuanzia leo utakuwa unakiangalia wewe."

Bamdogo, ambaye mkono ulishashika mlango, akarudi akakaa vizuri, akanyoosha shati, akasema sasa mzee tuzungumze. Tukazungumza mpaka yule kuku mmoja aliyekuwa anapiga kelele akawa mezani.

Yule jamaa wa ng'ombe nasikia alijibiwa kwa heshima zote.

Nilichojifunza ni hiki. Kujinyoa mwenyewe kunawezekana, sikatai, ila kichwa chako wewe unakimiliki mbele na pembeni tu. Nyuma ni kwa watu, watafute mapema. Na ukipewa pole isiyo yako, irudishe hapo hapo, usisubiri uji.

Wazoefu wa kujinyoa nyumbani, kisogo mnakifanyaje? Na kama kuna aliyewahi kuharibu zaidi yangu ajitokeze, tumfariji.

Nitajibu comments baadaye. Sasa hivi nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mke wangu ameshika mashine, na ameshasema mara mbili niweke simu chini, kichwa kinacheza.