Siku Tulipofunga Mtaa wa Mfereji

Hivi mwanangu, ukienda kutembea mtaa wa watu, unasalimia ukuta au unamsalimia mwenye ukuta?

Usicheke, nakuuliza kweli. Siku hizi wanakuja vijana hapa Gerezani, mtaa wetu huu wa kando ya mfereji, kamera shingoni, vikofia kichwani. Wanapiga picha mlango wangu, wanashikashika nguzo za baraza, wanaambiana, "Nyumba ya kale hii, ona mbao zake." Na mimi nimekaa hapo hapo kwenye kiti changu nachambua mchele, kama sipo vile. Nawaacha weee, halafu naita, "Nyie! Hiyo nguzo imewaitikia?" Hapo ndio wanaruka. "Shikamoo bibi!" Marahaba wanangu, karibuni, chai ipo. Akishasalimia mtu, hata akitaka kupiga picha masufuria yangu, apige.

Ujeuri huu nilifundishwa. Aliyenifundisha ni bibi yangu, Bi Saumu, mama yake mama, aliyenilea kwenye nyumba hii hii. Kaa vizuri nikusimulie. Shule mimi nilikomea darasa la tatu, kwa hiyo usitegemee nitaenda kwa mpangilio. Nitapita huku nitapita kule, ila tutafika.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nyie hamjui. Sisi tulishazoea foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni nyingine unajipanga hujui hata wanagawa nini. Mara ghafla, Kariakoo imejaa! Redio, mitumba, viatu vya kumeremeta, mafuta ya nywele ya kila rangi. Tukawa tunatembea madukani kushangaa tu. Lakini upande wetu huku Gerezani mambo yakawa kinyume. Karakana zilizokuwa zinapiga kelele kutwa zikanyamaza. Viwanda vingine vikafungwa, vingine tukasikia vimeuzwa. Na sisi tuko katikati, nyumba zetu zimejipanga kando ya mfereji mkubwa wa maji ya mvua, kila mlango na kidaraja chake cha mbao za reli.

Mimi wakati huo nimeshachumbiwa na Idi. Fundi wa nozeli za magari, gereji ya pale nyuma. Posa imeshaletwa, wazee wameshaelewana, kilichobaki kupanga siku tu. Na siku naikataa mimi. Kwa nini? Nataka ukumbi! Harusi za ukumbini ndio zimeingia mjini. Unafanyiwa kule upande wa Posta, keki ina ngazi, mtu wa video anakufuata na taa kama jua, bibi harusi unatembea kwenye zulia jekundu unanyata kama unaogopa kumwamsha mtu. Shoga yangu mmoja aliolewa hivyo, kanda yake tuliiangalia mpaka ikaanza kukwaruza. Nikamwambia Idi, bila zulia sitoki ndani. Akawa anakusanya pesa kidogo kidogo, maskini.

Basi siku moja akaja dalali mmoja. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Miwani, maana miwani yake ya jua hakuivua hata akiwa kivulini. Akapita nyumba kwa nyumba, mpole, anaamkia wazee vizuri. Anasema Jumamosi asubuhi watakuja watu wa dawa ya mbu. Tufunge milango, tutoe watoto, tuanue nguo, tuondoe majiko barazani, hata kuku tuwahamishe. Turudi adhuhuri. Tukamshukuru! Mbu walikuwa wanatumaliza, mwanangu. Kuna waliompa na maji ya baridi.

Aliyetufumbua macho ni Mama Jaya. Huyu alikuwa Mhindu wa duka la vyombo pale kona, amezaliwa Kariakoo, Kiswahili chake kinakushinda wewe. Akaja jioni ile anatweta, kaacha duka wazi.

"Bi Saumu, hiyo dawa ya mbu hakuna. Bwana Miwani alikuja kwa mume wangu, anatafuta watu wa kuingia naye kwenye biashara. Jumamosi analeta wageni wanunuzi. Kawaambia eneo lote la mfereji ni stoo za zamani, hazina mtu. Wakiona kimya, wakaona milango imefungwa, wanasaini. Halafu inakuja kubomolewa."

"Na wakikuta watu?" bibi akauliza.

"Wakikuta watu hawatii mkono. Wageni hawataki kesi."

Kesho yake baada ya alasiri wanawake wote tukajaa barazani kwetu. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza. Ndipo Mama Chausiku, jirani yetu mwenye sauti, akasimama. "Mimi nimepata. Tupige turubai la msiba katikati ya barabara. Tutandike mikeka, tujifunge kanga, tulie. Nani ana ubavu wa kupitisha gari kwenye msiba?"

Weee, tulishangilia! Maana hapa Dar unajua mwenyewe, turubai likishasimama, mtaa umefungwa, hata mwenye gari kubwa anarudi kinyumenyume. Mimi nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kujaribu kilio. Wenzangu wakacheka mpaka wanajishika mbavu. "Zuhura, lia tena kile cha mwisho!"

Bibi alikuwa anakuna nazi. Akaweka mbuzi pembeni.

"Nyamazeni. Anayeliliwa ni nani? Nitajieni jina. Mama Chausiku, jeneza utalala wewe?"

"Mh, bibi, mimi nimesema tu."

"Umesema tu. Yule bwana anawaambia wageni hapa hapana watu, huo ni uongo wake. Na nyie mnataka kusimama mbele ya wageni na uongo wenu. Mmoja akichungulia akakuta maiti hakuna, Bwana Miwani atasema nini? Atasema hata hawa wanawake wameletwa tu kwa gari, nao hawakai hapa. Mtakuwa mmemsaidia kazi. Tuna watoto humu, tuna wagonjwa, tuna wajawazito, tuna wazee kama mimi tuliozaa na kuzika hapa. Mtaa wa watu wa kweli, halafu tunakosa jambo la kweli la kuweka turubai?"

Mimi nikafungua kanga kiunoni pole pole. Nikaona macho yake yananijia.

"Zuhura. Mchumba unaye?"

"Ninaye, bibi."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi unachosubiri ni zulia."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Lakini bibi hakunilazimisha, nisimsingizie. Alisema, "Harusi ni yako. Ukikataa, Jumamosi tutakaa barazani tu, watuone tulivyo." Nikaenda uani, nikakaa kwenye ndoo niliyoipindua, nikalia kilio cha kweli sasa. Nalilia keki. Nalilia taa za video. Nalilia kuingia ukumbini watu wote wamesimama. Halafu nikajiuliza kitu kimoja: wakibomoa hapa, hata huo ukumbi nikiupata, nitatolewa chumba gani? Nani atanipaka hina kwenye uwanja wa nani? Mtoto wa watu anatolewa kwao. Mimi kwetu kutakuwa wapi?

Nikarudi barazani. "Jumamosi," nikasema. "Lakini tarumbeta nataka."

"Tarumbeta utapata," bibi akasema, akaendelea kukuna nazi yake.

Nikaenda mwenyewe gereji, kitu ambacho mwali hafanyi. Nikamkuta Idi ana mafuta mpaka viwiko.

"Idi, utanioa Jumamosi?"

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja."

Akaiangalia mikono yake mbele, nyuma. "Haya mafuta yatatoka kweli?"

Basi ndio jibu lake hilo. Mpaka leo namtania nalo.

Jumamosi ikafika. Turubai lilifungwa usiniambie, kamba moja kwenye nguzo za baraza letu, nyingine zimevuka mfereji mpaka ng'ambo. Sufuria za pilau alizitoa Mama Jaya dukani kwake, mpya, zina lebo bado. Na yeye nyama hagusi, kwa hiyo tukamwekea jiko lake peke yake, wali na dengu, na mwiko wake. Matarumbeta yakaingia yanapasua masikio. Watoto wameoga. Nguo tulizoambiwa tuanue tukazianika zote, hata zilizokuwa kavu. Na kuku wako barabarani kama wamealikwa.

Mimi niko ndani nimefunikwa, lakini dirisha langu linatazama barabarani, na mashoga zangu hawakuacha kunihadithia. Gari zikaja, za kung'aa, zikasimama kwenye kamba. Bwana Miwani akashuka.

"Nini hiki? Si niliwaambia leo dawa ya mbu?"

"Mbu nao tumewaalika," Mama Chausiku akamjibu. "Wako pale na wenye tarumbeta."

"Ondoeni hili turubai, nina wageni!"

"Na sisi tuna wageni. Wewe unatafuta njia ya kupita?"

"Ndio!"

"Njia inapita kwenye sahani. Kaa ule kwanza."

Vicheko, vigelegele! Bibi yangu akawapita wote, akaenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akamgongea kioo mgeni. "Karibuni harusini." Hebu niambie, nani anakataa? Wakashuka wanaume wenye suti na mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, nywele nyeupe, viatu vya chini. Wakakalishwa, wakapewa pilau. Huyo mama akaomba kumwona bibi harusi. Akaletwa chumbani, na Mama Jaya akaja naye kufasiri, maana Kiingereza alisoma.

Yule mama akanishika mkono, akaangalia dari, akaangalia mlango, akasema maneno mengi kwa upole. Mama Jaya akasema, "Anasema nyumba ni nzuri. Anasema kwao ni mji wa viwanda, nako kuna mfereji, mashua za makaa ya mawe zilikuwa zinapita hapo. Viwanda vikafa. Sasa wamepatengeneza, wamepaka rangi, wameweka maua na mahoteli, watu wanatoka mbali kuja kutembea. Anasema na hapa pangekuwa hivyo pangependeza."

Sasa bibi alikuwa amenikataza hata kukohoa. Bibi harusi haongei. Lakini lile jambo lilinipanda mpaka kooni. Nikafunua mtandio.

"Muulize, waliokuwa wanakaa pale wako wapi?"

Shangazi yangu akanifinya paja. Bibi akasema kutoka mlangoni, "Mwache aseme."

Mama Jaya akafasiri. Yule mama akaniangalia mimi, sio dari tena.

"Anasema hajui," Mama Jaya akasema. "Anasema hajawahi kuuliza."

"Basi mwambie mimi naitwa Zuhura binti Salum. Naolewa leo, na ninakaa hapa. Huyu ni bibi yangu, anakaa hapa. Hao wote aliowaona nje wanakaa hapa. Asije akasema hakuambiwa."

Alitoka taratibu. Dirishani tukamwona anamwendea Bwana Miwani, anamuuliza kitu, hapigi kelele. Bwana Miwani akaanza kueleza na mikono. Akamuuliza tena. Ndipo akavua miwani. Mara ya kwanza tunamwona macho! Macho ya kawaida tu, madogo, yamechoka. Mashoga zangu walipiga vigelegele kama wameona mwezi wa sikukuu.

Wale wageni wakaondoka na hawakurudi. Mimi nikatolewa chumba hiki hiki nikaolewa. Zulia sikupata, nilitembea juu ya kanga walizonitandikia majirani kuanzia mlangoni mpaka kwenye kidaraja, na sijaona zulia la kufanana nazo. Babu yenu yuko ndani hapo anasinzia, kamuulize.

Usidhani yaliisha. Wakaja wengine, na wengine. Baadhi ya majirani waliuza kwa hiari yao. Hata Mama Chausiku aliuza akahamia Mbagala, na simsemi, alikuwa na shida zake. Ghorofa zimetubana kulia na kushoto, upepo tunausikia tu unapita juu. Juzi hapa kaja kijana ana kompyuta mkononi, ananiambia, "Bibi, hapa patapendeza sana bila hivi vibanda." Nikamwambia mwanangu, hivi vibanda vina mimi ndani.

Basi sikiliza nikuusie. Mtu akija kusema kwenu hapana watu, usimjibu kwa matusi, na uongo usiuguse kabisa, maana uongo wako mmoja atautumia kufuta ukweli wako wote. Mwonyeshe maisha. Pika, oa, anika nguo, mtaje jirani yako kwa jina lake. Ukitakiwa kunyamaza ili watu wakupite, funua mtandio useme. Na siku ukitembea wewe miji ya watu, ukaona mtaa umepakwa rangi na maua yamening'inia, furahi, kunywa chai yako, lakini uliza wenyewe wako wapi. Ukikosa wa kukujibu, jua umeonyeshwa ganda tu.

Mungu akupe mlango wa kwenu, akupe na watu wa kuutoka na kuuingia. Akupe ulimi usiokwama siku ya kusema. Wanao wasikute kwao pamegeuka pa kutazama tu. Amina, sema na wewe.

Mjukuu wangu Rehema, huyu anayekaa Tegeta, ana mimba kubwa sasa. Miaka yote ananiambia niuze nimfuate huko kwenye hewa. Wiki iliyopita nimemsimulia haya, akawa anajipapasa tumbo. Halafu akanishika goti, akasema, "Bibi, sikuhamishi tena. Nikijifungua nakuja kukaa uzazi chumbani kwako, arobaini yote, na mtoto wangu atatolewa nje kwa mlango huu. Nakuahidi."