Zinash, Msomaji wa Maonyo

Mimi Demelash si mtu wa kusifu watu ovyo. Ulizeni hapa Asella, mtaambiwa yule karani wa zahanati ya kifua kikuu ana mdomo mchafu na shukrani hana. Lakini Zinash fundi wa kompyuta nitamsifu mpaka nife, na anayetaka kucheka acheke.

Alizaliwa nyuma ya soko la shayiri, mama yake muuza pombe ya kienyeji. Chuo hakukanyaga. Alikuwa anauza kadi za simu, na ufundi alijifunza kwa kusoma vile vijikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi, ambavyo sisi wengine tunafungia shayiri ya kukaanga. Mtu mwingine kompyuta ikimwandikia onyo anabonyeza lipotee. Zinash analisoma lote, polepole, kidole kiko kwenye kioo, na kamusi yake iliyochanika iko mapajani. Nilikuwa namtania kwamba anasoma maonyo kama shemasi anavyosoma Zaburi.

Wiki ile baada ya Timket, sikukuu yetu ya Ubatizo, kompyuta yetu ya zamani ilifungwa na kirusi. Daftari la karatasi lilikuwa limeshaoza tangu paa livuje wakati wa masika. Orodha ya wagonjwa wote mia mbili na kumi na wawili, nani anakunywa dawa gani na yuko mwezi wa ngapi, ilibaki kwenye flashi moja tu, na flashi hiyo ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Namba mia moja thelathini na moja ni Etagegn, mke wangu. Dawa za kawaida zilimuumiza ini mpaka macho yakawa ya njano, wakambadilishia. Majina ya hizo mpya, marefu kama treni, yalikuwa humo tu. Na siku ya kugawa dawa ilikuwa kesho yake asubuhi.

Kompyuta mpya niliiwasha mwenyewe. Nikaikuta na tarehe ya ajabu ajabu, nikairekebisha kwa kalenda ya kanisa iliyo ukutani, nikajiona mtaalamu. Kisha Zinash akaitwa. Kitu cha kwanza, aliichomeka kwenye betri ya akiba ili umeme ukikatika isizimike katikati ya kazi. Cha pili, akasema hakuna flashi kuingia humo mpaka masasisho yote ya usalama yameingia.

Yakagoma. Akajaribu mara ya pili, yakagoma. Ya tatu, yakagoma. Sista Mulu, mkuu wetu, alikuwa ameshakaanga kahawa, kikombe cha kwanza kati ya vile vitatu vya desturi kimepita.

"Zinash mwanangu, chomeka tu hiyo flashi," akasema. "Kesho saa mbili watu wako mlangoni."

"Sista, mashine mpya isiyo na masasisho ni mtoto mchanga hajachanjwa. Wewe utamlaza kitanda kimoja na mgonjwa wa surua?"

Sista Mulu akafyonza, akaendelea kupepea makaa.

Mimi nikadakia. "Kuna jamaa kule stendi ana diski yake. Anazima ulinzi, anaweka kila kitu, dakika tano!"

"Masasisho nayachukua kwa aliyeitengeneza mashine, Gashe. Sio kwa mtu wa stendi." Gashe ndivyo anavyoniita, kwa heshima ya umri.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikatoa flashi mfukoni, nikainama nichomeke mwenyewe. Zinash akaziba tundu kwa kiganja chake.

"Gashe Demelash, hii ndiyo nakala pekee?"

"Ndiyo!"

"Basi kama kirusi kimo ndani, kitaila orodha na mashine kwa pamoja. Irudishe mfukoni."

"Wewe mtoto wa juzi! Mke wangu yumo humu, unasikia? Etagegn yumo humu!"

"Ndiyo maana," akasema, wala hakupandisha sauti.

Nikairudisha. Yeye akarudi kwenye lile onyo ambalo sisi tulikuwa tumelipuuza mara tatu, akalisoma neno kwa neno, akafungua kamusi, akasoma tena.

"Ajabu. Linasema cheti cha anayetuletea masasisho bado hakijaanza kutumika. Halisemi kimeisha muda, linasema hakijaanza." Akatazama pembe ya kioo, akatazama kalenda ya kanisa, akanigeukia. "Gashe, tarehe hii nani kaiweka?"

"Mimi! Tarehe kumi na nne mwezi wa Tir, mwaka 2010. Unataka kuniambia sijui leo ni lini?"

"Unajua, na kanisa linajua. Lakini mashine inahesabu kwa kalenda ya ng'ambo iliyoitangulia yetu, na huko wako 2018. Umeirudisha nyuma karibu miaka minane! Inaonyeshwa cheti cha mwaka jana, yenyewe inaona mwaka huo haujafika, inasema huyu tapeli, inafunga mlango."

Sista Mulu alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Demelash! Na mimi nirudishe basi, niolewe upya!"

Mimi kucheka sikuweza. Nilimkodolea macho yule binti. Watu watatu tulikuwa chumbani, tarehe iko mbele ya macho yetu sote, na ni yeye peke yake aliyeiona, kwa sababu ni yeye peke yake aliyesoma. Akarekebisha tarehe, akabonyeza, na masasisho yakaanza kumiminika. Umeme ukakatika, betri ikashika. Mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili, yeye amekaa mikono mapajani, anatuzuia hata kuisogelea. Kila ilipowaka aliuliza tena kama kuna lililobaki, mpaka ikajibu hakuna. Tulikuwa kwenye kikombe cha tatu, kile cha baraka.

"Haya Gashe, lete."

Flashi ikaingia. Kabla ya kufungua chochote akaiamuru kinga ya virusi iipekue. Mstari mwekundu ukatokea. Kirusi kilekile kilikuwa humo, kimelala, na sasa kimekamatwa. Nikakaa juu ya boksi la dawa. Ee Mariamu!

Orodha ikafunguka, majina yote mia mbili na kumi na mawili. Zinash akatengeneza nakala ya pili, akampa Sista aifungie kabatini, kisha akashuka hadi mia moja thelathini na moja na kunisogezea kiti. "Hakikisha dawa zake, halafu weka tarehe ya leo. Hapa andika ya kalenda ya kwetu."

Nikasoma yale majina marefu, yote yalikuwepo. Nikaandika 14 Tir 2010, kwa mkono uleule uliotaka kuchomeka flashi.