Kitovu Chini ya Mtende wa Mapambo

Usianze kuniambia nilikuwa na njaa, au malaria ilinipanda kichwani. Nilikuwa mzima, nimekula nsima yangu, ugali wa huku Malawi, nikashiba, na jua lilikuwa halijazama. Niliyoyaona hapa kambini Dzaleka, tulikokimbilia, niliyaona kwa macho yangu haya.

Vita vilikuwa bado vinawaka kwetu Fizi, Kongo. Nilikuwa nafanya kazi ya bustani kwenye nyumba moja Area 47, Lilongwe, na mwenye nyumba akaniruhusu kuchukua mche wa mtende wa mapambo. Niliupanda mlangoni pangu, udongo nikauchanganya na mchanga na samadi ya mbuzi, chini nikatandaza majani makavu, maana upepo wa huku unakausha hata mate. Riziki wangu alipozaliwa na kitovu kikadondoka, nikakizika pale. Kwetu kitovu kinazikwa chini ya mchikichi, ili mtoto naye azae. Lakini Dzaleka mchikichi ningeutoa wapi? Majirani walicheka, wakasema huyo mtoto atazaa mapambo. Nikawaambia mtoto ni wangu.

Basi jioni hiyo nilikuwa namwagilia, Riziki yuko mgongoni. Kuinua kichwa, namwona mama mkwe wangu amesimama kando ya mtende. Mama mkwe ambaye habari za kifo chake tulishazipokea na matanga tukakaa. Alikuwa amekanyaga tope nililotoka kulimwagia maji. Alipohamisha mguu nikatazama chini. Niamini, tope halikuwa na alama yoyote.

“Mama Riziki,” akasema, “kitovu ya mujukuu wangu mulizika chini ya maua? Nimekuja kuibeba. Naenda kuizika kwetu, chini ya ngazi.” Ngazi kwetu ndiyo mchikichi.

Ungefanya nini wewe? Kwetu mama mkwe hapingwi. Hata kumtazama usoni tunaona haya. Lakini kitovu kinakokwenda ndiko mwenyewe anakofuata, na huyu alikuwa ametoka kwa wafu. Nikamkazia macho.

“Hapana, mama. Mutoto wangu anabaki hapa.”

Akanyoosha mkono, akashika kilele, lile jani changa lisilofunguka bado. Mtende una moyo mmoja tu. Ukiung'oa, mti wote umekwisha. Hasira zikanipanda. Nikamrushia ndoo nzima ya maji. Maji yakapiga ukuta wa nyumba, na pale hapakuwa na mtu.

Mti haukufa, ila tangu siku hiyo majani ya upande ule yanatoka ya manjano, niweke samadi nisiweke. Riziki sasa ananizidi urefu. Baba yake ndiye hajanisamehe. Anasema nilimfukuza mama yake kama mbwa. Namjibu kwamba ningekuwa na ndoo mbili, zote ningezimwaga.

Nawe uliyezaa ugenini, nisikilize. Wakija kumdai mwanao, watakuja na sura ya mtu unayemheshimu. Mnyime.