Alichokiona Shangazi Nyuma ya Shuka

Riwaya yangu ya kwanza niliianza Kisauni, miaka michache kabla ya uhuru, nikiwa bado naamini kwamba hakuna siri isiyokuwa na mlango. Ilihusu mtaa mtulivu na mke aliyekutwa amekufa kisimani. Mtaa sikuutunga. Mke pia sikumtunga.

Alikuwa jirani yetu. Alizaliwa Frere Town katika familia ya Kikristo, akasilimu ili aolewe na mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Asubuhi moja walimtoa kisimani, uani kwa mumewe. Ikasemwa aliteleza akichota maji. Alasiri alikuwa amekwisha zikwa, na wenye kushona kofia wakarudi barazani wakashona.

Aliyemwosha ni shangazi yangu, niliyeishi naye. Aliwaosha wanawake wote wa upande ule, kwa thawabu. Mimi nilimpelekea ndoo za maji hadi kwenye shuka iliyotundikwa mlangoni, ndani sikuingia. Mama wa marehemu naye aliombwa, kwa upole, abaki nje, kwa kuwa si Mwislamu. Akakaa mkekani karibu nami, mkoba mapajani, akisikiliza maji yanavyomwagika. Mara maji yakakoma. Ndani kukawa kimya kwa muda, kisha shangazi akaomba ndoo nyingine. Kimya kile kilituingia sote wawili.

Arubaini ilipopita, yule mama akaanza kuja kwetu kila Jumapili akitoka kanisani, kwa miguu. Shangazi alimpa chai ya tangawizi, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha likaja swali lake: mwanawe alikuwa na alama yoyote mwilini? Shangazi alimjibu yaleyale, kwamba amemwosha vizuri na alikuwa safi. Kwetu mwosha maiti akiona nuru usoni huisimulia. Akiona aibu huizika pamoja na mwenyewe.

Siku moja nikamwomba shangazi aniambie mimi, japo kwa ajili ya kitabu.

"Kitabu chako kina njaa gani hicho?" akasema. "Walio hai hawakishibishi?"

Nikamng'ang'ania. Akaweka ungo wa mchele chini.

"Mwili wa mtu ni amana, mwanangu. Kovu, jipu, alama, vyote ni sitara yake. Nikikwambia nimemvua nguo tena."

"Na kama alama si yake, shangazi? Kama ni ya mkono wa mtu?"

"Iko juu ya mwili wake," akasema, akarudi kupeta mchele.

Basi nikautunga mwenyewe mwisho wa riwaya. Mume alimkaba mkewe, akamtumbukiza. Wenzangu tuliokuwa tukisomeana maandishi wakaisifu sura ile. Mmoja akanitania kwamba nijihadhari, visima Kisauni ni vingi.

Habari zikamfikia yule mama. Akaniita kwake Frere Town nimsomee. Nilimsomea, na yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho akauliza:

"Haya umeambiwa na shangazi yako?"

"La, mama. Amekataa, asema kuniambia ni kumvua nguo tena. Nimeyatunga."

Alitazama mikono yake.

"Hata mimi hutunga, mwanangu. Kila nikilala natunga. Ninayo mengi kukushinda." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Karatasi zile sikuzipeleka kwa mchapishaji yeyote.

Mwaka wa uhuru shangazi alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi ukafungika. Watu wakipita njiani wakiimba, na bendera ndogo za karatasi zikiuzwa kila kona, yule mama alikuja na gauni lake la Jumapili, akavuta kiti karibu na kitanda. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto ale.

"Bibi, sasa huwezi kusema, na mimi sitaki useme. Kama alikuwa na alama, fumba macho tu. Hutakuwa umemvua."

Shangazi alimtazama. Jicho la upande mzima lilibaki wazi. La upande uliokufa likatoka machozi, yakateremka hadi sikioni. Yule mama akayafuta kwa ncha ya leso, akangoja. Mwishowe akanigeukia.

"Ndiyo hiyo, au siyo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba daktari alishatueleza: jicho lile hutoka machozi lenyewe, mchana kutwa.